Konde la Siena

Watu wa Siena, mji wa kale uliokaa juu ya vilima vya Toscana katika nchi ya Italia, hawauiti uwanja wao mkuu uwanja. Huuita il Campo, maana yake Konde, na jina hilo halikutungwa kwa mapambo, bali ni ukumbusho wa hali ya mahali hapo kabla mji haujawa mji. Palikuwa na vilima vitatu, na juu ya kila kilima makazi ya watu, na baina yao bonde ambalo kila mvua iliponyesha maji ya pande zote yaliteremkia humo, pakawa matope. Bonde hilo halikuwa la kilima kimoja zaidi ya kingine, na kwa hiyo watu wa vilima vyote walishuka humo kuuziana bidhaa zao, kila mtu akapanda kwake jua lilipokuchwa. Nyaraka za mji zinalitaja tangu mwaka 1169. Hivyo uwanja ambao mafundi wa majengo huuhesabu leo miongoni mwa viwanja vizuri kupita vyote barani Ulaya ulianza kuwa ardhi ya tope isiyo na mwenyewe, nami nadhani hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya uzuri wake, kwa kuwa kitu kisichodaiwa na mtu mmoja huwa chepesi kugeuzwa mali ya wote.

Walioligeuza konde hilo ni watawala wa namna isiyo ya kawaida. Tangu mwaka 1287 hata mwaka 1355 Siena ilikuwa chini ya baraza la watu tisa, nao waliitwa kwa idadi yao tu, Wale Tisa. Hawakuwa makabaila, kinyume cha hayo, aila kubwa za mji, zenye minara yao na watumishi wao wenye silaha, zilizuiliwa na sheria zisiketi katika baraza hilo. Walikuwa wafanya biashara, wakopeshaji wa fedha na wenye mali ya wastani, na kila baraza lilitawala miezi miwili, si zaidi. Katika miezi hiyo wote tisa waliishi pamoja ndani ya jumba la serikali, wakala na kulala humo kwa gharama ya hazina ya mji, wala hawakuruhusiwa kutoka ila kwa siku maalumu, ili asije mtu akawanong'oneza sikioni jambo la kumfaa yeye peke yake. Na muhula ulipokwisha kila mmoja alirudi katika shughuli zake, ikampasa kungoja miezi ishirini kabla hajastahili kuchaguliwa tena. Mtu akiambiwa kwamba serikali ya aina hiyo, ambayo haikupata hata wasaa wa kuzoea viti vyake, ndiyo iliyoanza na kuendeleza kazi ya zaidi ya miaka khamsini bila ya kupotoka, atastaajabu, na ana haki ya kustaajabu.

Siri yake, kama nionavyo, ni kwamba watu hao waliujua upungufu wa muda wao, wakaitia nia yao katika sheria badala ya kuitia katika majina yao. Mnamo mwezi wa Mei mwaka 1297, mwaka uleule ulioanza ujenzi wa jumba la serikali upande wa chini wa uwanja, ilitolewa amri kwamba mtu yeyote ajengaye nyumba yenye kuelekea Konde sharti madirisha yake yagawanywe kwa viguzo vyembamba vya mawe, mfano wa madirisha ya jumba, wala asitokeze roshani yoyote juu ya uwanja. Amri yenyewe ni fupi, na msomaji mwenye haraka aweza kuipita bila ya kuona uzito wake. Tajiri aliachiwa ajenge kwa fedha zake, apambe vyumba vyake vya ndani kadiri alivyotaka, lakini uso wa nyumba ulioelekea Konde haukuwa wake peke yake tena. Ulikuwa ukuta wa sebule ya mji mzima. Jumba la aila ya Sansedoni, lenye uso mwekundu wa matofali uliopindika kufuata mzingo wa uwanja, laonyesha hata leo jinsi wenye mali walivyotii.

Jumba la serikali lilijengwa kwa mawe meupe chini na matofali mekundu juu, na uso wake haukunyooka kama ubao. Umebonyea kidogo katikati, mbawa zake mbili zikielekea mbele, kiasi kwamba asimamaye uwanjani huona kama linataka kumkumbatia. Wale Tisa walihamia humo mwaka 1310. Mwaka uliofuata, tarehe 9 Juni 1311, mji wote ulifunga maduka ili kuisindikiza picha kubwa ya Bikira Maryamu iliyochorwa na Duccio, kutoka karakana yake mpaka kanisa kuu. Maaskofu, mapadri, Wale Tisa wenyewe, wanaume, wanawake na watoto, wenye mishumaa mikononi, waliizungusha picha hiyo Kondeni kwa tarumbeta na kengele kabla ya kuipandisha kilimani. Uwanja ulikuwa haujasakafiwa bado, walakini ilikwisha kuwa ada kwamba jambo la fahari halijatimia mpaka lipitie hapo.

Kisha ukaja mnara. Msingi wake uliwekwa mwaka 1325, na mwandishi wa tarehe za mji anaeleza kwamba katika kila pembe ya msingi lilifukiwa jiwe lenye herufi za Kiyunani, Kiebrania na Kilatini, ili mnara usipigwe na radi wala ngurumo wala tufani. Kago hasa, ingawa Wakristo wa wakati ule wasingependa kuliita kwa jina hilo. Mnara huo mwembamba wa matofali, wenye taji la mawe meupe, ulikamilika mwaka 1348, na urefu wake wapata mita 87. Umesimama mahali pa chini kabisa pa uwanja, na bado kichwa chake chashindana na kanisa kuu lililo juu ya kilima. Aliyeajiriwa kwanza kupiga kengele yake kila saa aliitwa Giovanni di Balduccio, mtu mpenda anasa ambaye mshahara haukukaa mfukoni, hata wenzake wakampa lakabu ya Mangiaguadagni, yaani Mla-mapato. Mitambo ya saa ikaja baadaye ikachukua kazi yake, naye akafa kama wafavyo watu wote. Lakini mnara uliitwa Torre del Mangia, Mnara wa Mlaji, na ndivyo uitwavyo hata sasa. Katika jengo refu kupita yote lililosimamishwa na serikali isiyojali majina yake, jina lililosalia ni la mpiga kengele mbadhirifu.

Sakafu ilimalizika mwaka 1349, nayo yastahili kutazamwa kwa makini na kwa kuinamisha kichwa. Uwanja una umbo la kombe la pwani lililofunguka, au la upepeo, mpini wake ukiwa mlangoni pa jumba. Ukingo wa nje, ulio mpana kama barabara, umetandikwa mawe ya kijivu. Ndani yake matofali madogo yamesimamishwa kwa ubavu, yakapangwa kwa mtindo wa mifupa ya samaki, na juu yake hupita mistari ya mawe meupe inayoteremka kutoka ukingoni hata chini, ikiyagawa matofali mafungu tisa. Idadi hiyo si ya bahati. Hakuna sanamu ya mtawala yeyote iliyowekwa humo, wala maandishi ya kumsifu. Ipo tisa tu, chini ya nyayo za wapitao. Tena mteremko wote, mafungu yote tisa, huishia katika mdomo mmoja wa mfereji uliochongwa kwa jiwe mbele ya jumba, ambao wenyeji huuita gavinone, na maji ya mvua yaliyokuwa balaa ya bonde lile hukusanyika, huteremka na kutoweka humo. Fundi aliyeanza na tatizo la matope alimaliza kwa umbo la kombe, na sijui kama yeye mwenyewe aliona tofauti kati ya mambo hayo mawili.

Maji ya mvua yalikuwa mengi mno, na maji ya kunywa machache mno. Siena haina mto. Wenyeji walichimba chini ya mji njia za maji, bottini kwa jina lao, mashimo marefu ya kimo cha mtu yaliyotobolewa katika mchanga mgumu, ambayo jumla yake yapata kilomita 25, yakikusanya maji yanayochuruzika ardhini huko nje na kuyaleta mjini kwa mteremko mdogo usioonekana kwa macho. Kuyafikisha Kondeni, palipo juu kuliko visima vingi vya zamani, ilikuwa kazi ya miaka, na maji yalipochuruzika hapo mara ya kwanza, mapema katika miaka ya 1340, mji uliingia katika shangwe na ngoma za siku nyingi. Chemchemi hiyo ikaitwa Fonte Gaia, Chemchemi ya Furaha, na wengi husema jina latokana na furaha ya siku zile.

Yote hayo niliyoyataja ni ya nje. Ndani ya jumba, katika chumba walichokutania Wale Tisa, Ambrogio Lorenzetti alichora baina ya mwaka 1338 na 1339 kuta tatu za michoro juu ya chokaa mbichi, na mtu akiuliza watawala wale walikuwa na nini moyoni, jawabu lipo pale ukutani. Upande mmoja umechorwa utawala mwema. Adili ameketi na mizani yake. Kutoka katika mizani hiyo hushuka kamba mbili, nazo hupokewa chini na mwanamke mwingine, Mapatano, ambaye juu ya mapaja yake amepakata randa ya seremala. Napenda kukawia hapo kwenye randa. Mchoraji angeweza kumpa Mapatano ua, au njiwa, au tawi la mzeituni, kama ilivyo desturi. Akampa chombo cha kusawazishia ubao, kana kwamba asema mapatano si hali ya moyo bali ni kazi ya mikono, ya kuparuza kinachochomoza hata wote wawe sawa. Kutoka kwa Mapatano kamba hiyo hupita mikononi mwa raia ishirini na wanne waliopanga foleni, wala hawakufungwa nayo, wameishika wenyewe, na mwisho wake humfikia mzee mkubwa mwenye mvi aliyevaa rangi nyeupe na nyeusi za Siena. Anayetawala amefungwa na raia. Hivyo ndivyo picha isemavyo.

Ukutani pa kuume umechorwa mji wenyewe katika amani: wasichana wanacheza duara njiani, fundi viatu yumo dukani, mwalimu yuko mbele ya wanafunzi wake, waashi wako juu ya majukwaa wakiinua ukuta, na mbele ya lango wakulima wanamswaga nguruwe mweusi mwenye mkanda mweupe, wa aina inayofugwa huko hata leo. Juu ya lango anaruka malaika wa Usalama, mkononi ameshika kitanzi chenye maiti ya mhalifu, maana amani ya picha hii haikuwa ya usingizi. Ukuta wa kushoto ni wa dhuluma: jabari mwenye pembe ameketi, na chini ya miguu yake Adili amefungwa kamba, mizani yake imevunjika. Ukuta huo umeharibika sana, chokaa imebanduka, na mashamba yake yaliyoungua yameungua mara ya pili kwa unyevu. Wale Tisa waliketi baina ya kuta hizo mbili kila walipotoa amri. Hawakuweza kuinua macho pasipo kuona moja au nyingine.

Mwaka 1348 tauni iliingia. Ugonjwa ule uliofyeka Ulaya yote uliipiga Siena vibaya kuliko miji mingi; wengi wa wakazi wake walikufa kwa miezi michache tu, na Agnolo di Tura, mwandishi wa tarehe za mji, ameacha habari kwamba aliwazika watoto wake watano kwa mikono yake mwenyewe. Ambrogio Lorenzetti alitoweka katika mwaka huo, na ndugu yake Pietro, mchoraji hodari vilevile, pamoja naye. Kanisa kuu, lililokuwa likipanuliwa liwe kubwa kupita makanisa yote ya Ukristo, liliachwa na kuta tupu za upanuzi huo, nazo zimesimama hivyo hata leo. Walakini uwanja ulimalizwa. Waliobaki hai walipanga matofali ya mwisho mwaka uliofuata, na tangu mwaka 1352 wakaanza kujenga chini ya mnara kibanda cha ibada cha marmari, nadhiri waliyomwekea Bikira kwa kuokoka kwao.

Utawala wenyewe ulianguka Machi 1355. Maliki Karolo wa Nne alipofika mjini, makabaila na mafukara waliungana, nyumba zikaporwa, na sanduku lililohifadhi majina ya waliochaguliwa kuwa miongoni mwa Wale Tisa likafungwa mkiani mwa punda, likaburutwa mjini kwa kicheko. Haifai kuwafanya watu hao malaika. Waliwaweka mbali mafundi wadogo, na udugu wa matajiri wachache ulizunguka katika viti vile kwa miaka sabini. Lakini walioburuta sanduku waliliburuta juu ya sakafu ya mafungu tisa, na hakuna aliyefikiri kuing'oa.

Huzuni ya miaka ile ilizaa kisa kimoja ambacho mchongaji Lorenzo Ghiberti amekihadithia. Palikuwa pamechimbuliwa mjini sanamu ya kale ya Zuhura, mungu wa kike wa Warumi, kazi nzuri mno, nayo ikasimamishwa kwa heshima kubwa juu ya chemchemi ya Kondeni. Vita na mji jirani wa Firenze vilipoanza kuwaendea vibaya, mtu alisimama barazani akasema nuhusi yote imetokana na sanamu hiyo ya uchi inayoabudiwa kinyume cha dini. Na mnamo Novemba 1357 ikaamriwa ivunjwe vipande vipande na vipande hivyo vifukiwe katika ardhi ya Firenze, ili nuhusi ihamie kwa adui. Nimewaza mara nyingi juu ya watu waliobeba vipande vile usiku kupita mpaka. Chemchemi ilikaa bila ya pambo mpaka Jacopo della Quercia alipopewa kazi ya kuipamba, akaifanya tangu mwaka 1409 hata 1419, akapata kwa kazi hiyo jina la Jacopo wa Chemchemi. Marmari yake ililiwa na hewa na mikono ya watu. Karne ya 19 iliondolewa, na iliyopo sasa uwanjani ni nakala ya Tito Sarrocchi.

Mwaka 1427 Kondeni palihubiri Bernardino, mtawa mwenyeji wa Siena, hotuba 45 kila alfajiri, mimbari yake ya mbao ikiegemea jumba, na wanaume wakitengwa na wanawake kwa pazia la nguo, kama alivyochora mchoraji Sano di Pietro. Tunazijua hotuba hizo kwa neno na kikohozi kwa fadhila ya fundi mmoja wa kunyoa nguo za sufu, aliyekaa chini ya mimbari na vibao vya nta, akaandika upesi kila neno, hata yale Bernardino aliyowakemea waliosinzia, kisha akarudi nyumbani kunakili katika karatasi kabla ya kwenda kazini. Bernardino naye aliwaambia wasikilizaji wake waende wakatazame michoro ya amani na vita iliyo jumbani.

Uhuru wa Siena ulikatika Aprili 1555, baada ya kuzingirwa miezi mingi na njaa kali, mji ulipojisalimisha kwa majeshi ya maliki wa zama hizo. Miaka miwili baadaye ukakabidhiwa kwa Cosimo wa aila ya Medici, mtawala wa Firenze, adui yule yule wa vipande vya Zuhura. Tangu hapo jumba halikuwa na dola ya kuitawala, na uwanja ulibaki na watu tu. Nguvu yao yote ya zamani, na uhasama wao, vikaingia katika mbio za farasi.

Mbio hizo, Palio, hufanywa mara mbili kwa mwaka, tarehe 2 Julai na tarehe 16 Agosti, na wanaoshindana si matajiri wenye farasi bali ni mitaa. Mitaa ni kumi na saba, na mipaka yake iliwekwa mwaka 1729 na Violante wa Bavaria, aliyekuwa liwali wa mji. Mmoja huitwa Mbwa Mwitu, mwingine Nungunungu, mwingine Bata Bukini, mmoja Twiga, na Kobe ana uadui wa miaka na Konokono. Uwanja hautoshi farasi kumi na saba, kwa hiyo hukimbia kumi tu. Siku chache kabla, ukingo wa mawe hufunikwa udongo na kushindiliwa, na mwenyeji akisema udongo umekwisha kutandikwa, hapana haja ya kueleza zaidi. Farasi hugawiwa kwa kura, hupelekwa katika kanisa la mtaa na kubarikiwa na padri, na kinyesi akikidondosha humo watu hufurahi, kwani ni fali njema. Wapandaji hukaa migongoni bila ya seruji, mikononi wana viboko vya mshipa mkavu wa ng'ombe. Farasi tisa hupangwa mbele ya kamba, na wa kumi huachwa nyuma. Akiamua kuingia ndipo mbio zianze, naye huweza kukaa saa nzima bila ya kuamua. Katika muda huo wapandaji hunong'onezana ahadi za fedha mbele ya umati wa watu, na desturi yaruhusu. Wale Tisa waliofungiwa jumbani wasisikie mnong'ono wowote wangeonaje, sijui.

Mizunguko ni mitatu, dakika moja na nusu haifiki. Farasi akimwangusha mpandaji wake na kutangulia peke yake, mtaa wake umeshinda vilevile. Tuzo ni bendera ya hariri iliyochorwa Bikira, nao huiita cencio, yaani kitambaa tu, na watu wazima hulia machozi wakiibusu. Aliye wa pili huhesabiwa kuwa ndiye aliyeshindwa kupita wote.

Baada ya mbio za Agosti udongo huzolewa, mawe ya kijivu hutokea tena, na vumbi lililobaki hukaa katika nyufa za matofali kungoja mvua. Ikinyesha, maji mekundu huonekana yakishika mistari myeupe ya mafungu tisa, yakiteremka taratibu hata mbele ya mlango wa jumba, na kuingia katika mdomo wa mfereji.